Huyo simba usimtie kwenye friji!

Dada, simama hapo hapo. Nimesoma swali lako mpaka pale unaposema utaimaliza keki yako ya kichwa cha simba Alhamisi usiku, uilaze kwenye friji, kisha Ijumaa baada ya sala mpande boti kutoka Lamu mjini muipeleke Shela kwenye sherehe ya mpwa wako. Nikaacha kusoma nikaanza kuandika. Mengine uliyouliza, mayai mangapi kwa trei ya kichwa cha simba, nyekundu isiyogeuka waridi, watu wangapi watatosheka, yangoje. Ukishaitia friji hiyo keki hutakuwa na simba wa kuulizia.

Keki iliyovikwa fondanti, ile sukari laini inayosukumwa kama chapati, ikitoka kwenye friji ikakutana na hewa yetu hutoka jasho. Toa chupa ya maji baridi uiweke mezani hapo ulipo, subiri kidogo, uitazame. Maji yale ya nje hayakutoka ndani ya chupa, ni unyevu wa hewani umekutana na kitu cha baridi. Keki nayo ni hivyo hivyo, ila chupa ni plastiki na fondanti ni sukari. Sukari huyanywa maji yale, ikalainika, ikanata, na rangi uliyoitia ikaanza kutembea. Nyeusi ndiyo hutangulia, maana ndiyo iliyobebeshwa rangi nyingi kuliko zote, nyekundu ikafuata. Na simba wako, kwa maelezo yako mwenyewe, ana macho meusi, pua nyeusi na ulimi mwekundu. Yaani umechagua zote.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wa dada yangu. Nilioka kwangu Langoni, hapo mjini, sherehe ilikuwa Shela, sawasawa na mpango wako. Simba alitoka vizuri wallahi. Nilimpiga picha kila upande, hata mume wangu ambaye hasifu kitu alisimama mlangoni akamtazama. Nikamlaza kwenye friji nami nikalala na raha zangu. Kesho yake nikamtoa, mkavu, mzuri, hana kasoro. Tukamtia kwenye sanduku, nikaliacha wazi juu eti apate hewa, tukateremka vichochoroni hadi gatini. Pale gatini nikaona vitone usoni. Nikadhani ni maji ya bahari! Ndani ya boti jua la mchana, upepo wa kaskazi, na mimi nimeipakata keki mapajani kama mjinga. Kope zikaanza kushuka. Tulipofika Shela simba alikuwa kama bibi harusi aliyelia na wanja wote ukamteremkia mashavuni.

Mwenye akili angemwacha hapo. Mimi nikachukua tishu nikafuta. Usifute! Fondanti iliyolowa ukiigusa unaondoka na ngozi yake. Nilifuta jicho moja, weusi ukatapakaa mpaka shavuni, nikafuta na la pili ili yalingane. Shangazi mmoja, Mungu amweke, akauliza kwa sauti ya kusikika nyumba nzima kama huyu ni nguva. Mwenye siku yake akaangua kilio. Mimi nikajichekesha, nikasema ni simba wa baharini, si tuko Lamu? Basi. Watu walikula, iliki ilikuwa ya kutosha, sahani zilirudi tupu. Lakini zile picha zimo kwenye simu za ukoo mzima, na kila Idi hakosi mtu wa kuzitoa.

Sasa muulize nani aliyeniambia niitie friji. Yule mwalimu wa video! “Iweke kwenye friji usiku kucha ishike vizuri,” anasema, na huku amevaa sweta la sufu jikoni na dirishani kwake theluji inaanguka. Kwake keki itatoka jasho la nini? Hewa yenyewe kavu, baridi iko mpaka mlangoni. Hakutaja unyevu hata kwa bahati mbaya, na chini ya video watu wamejaa kumshukuru. Nawaombea wote wahamie pwani.

Wa pili ni muuzaji wa duka la vifaa vya keki huko Mombasa. Jina silitaji, anajijua. Aliniuzia fondanti kwa bei ya kidani akaniapia kwamba ile ni ya nchi za joto, haitoki jasho. Mtu wa Mombasa huyo! Shati lake lenyewe lilikuwa limemganda mgongoni akiapa.

Basi kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka mnichoke: uso wa simba unawekwa Shela. Hauwekwi nyumbani kwako usiku uliotangulia, hauwekwi kwenye boti. Keki isafiri haina macho, haina pua, haina ulimi. Ukiulizwa njiani umebeba nini, sema mkate.

Kwanza, keki yenyewe haina haja na friji ukijaza jamu katikati badala ya krimu ya maziwa au kastadi. Hizo mbili ndizo zinazoharibika nje kwa joto hili, zisahau kabisa. Friji uitumie mapema, keki ikiwa uchi: ikipata baridi huchongeka bila kumeguka ovyo, masikio yanatoka sawa. Kisha iache irudie joto la chumba kabla hujaipaka chochote.

Pili, kwa nini fondanti? Mpake krimu ya siagi. Najua utasema siagi itayeyuka, na ni kweli, siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na sisi msimu wa kaskazi mchana tunapita 30 bila kujitahidi. Kwa hivyo nusu ya siagi, au zaidi ya nusu, itoe utie mafuta meupe mgando ya kupikia. Jumla ya mafuta na siagi iwe gramu 250 kwa gramu 500 za sukari ya unga, uipige mpaka ilainike na kuwa nyepesi. Ikikaa hufanya kigozi juu ikashika. Ladha haiwi ile ya siagi tupu, wenye ndimi za kifahari watanuna. Wanune. Manyoya ya shingoni uyapige kwa nozeli ya nyota, ile ncha ya mfuko wa krimu, nyota baada ya nyota, machungwa na kahawia yakichanganyika, hata mkono ukitetemeka hakuna atakayejua, simba mwenyewe hachani nywele.

Macho sasa, na usicheke: biskuti za kakao, zile nyeusi za duara. Hazichuji rangi na hazihitaji kukaushwa. Pua vilevile, vunja nusu. Zibandike mwisho kabisa, maana zikikaa sana juu ya krimu hulegea. Tia kitone cheupe cha krimu juu ya kila jicho, utaona simba anakutazama. Ukiziona zile mboni za fondanti ulizokwisha kutengeneza haziwezi kutupwa, ziweke kwenye kiboksi cha karatasi, si kopo la plastiki, zije peke yake.

Nyekundu, haraka haraka: nunua rangi ya jeli, achana na vichupa vya rangi ya maji, hivyo ndivyo vinavyokupa waridi na kuilegeza krimu juu yake. Ichanganye siku moja kabla uiache, itazidi kukolea yenyewe. Ukiwa na pupa ukamimina nyingi, ulimi wa simba utakuwa mchungu. Nyeusi kama huna budi, anzia kwenye krimu ya kakao, utahitaji rangi kidogo sana.

Safari. Ubao wa mbao nyembamba uliofunikwa karatasi ya fedha, si kadibodi, maana kadibodi ikipinda katikati na kichwa kinapasuka. Sanduku lifungwe vizuri. Lisikae mapajani, miguu ni ya moto na boti ikilala nawe unalala. Liweke sakafuni katikati ya boti, kivulini, mtu mzima alilinde. Krimu ya manyoya ije kwenye mifuko yake ndani ya sanduku la barafu, omba kwa mvuvi yeyote hapo gatini. Na punda msimpakie, tafadhali, hata kama ni wa mjomba na ana adabu.

Kama unasoma haya umechelewa na keki tayari iko kwenye friji imevikwa fondanti, basi itie ndani ya sanduku huko huko, ulifunge kabisa, na usilifungue mpaka keki irudie joto la chumba. Unyevu utatua juu ya sanduku, si juu ya simba. Wacha saa kadhaa. Atakayekuja kuchungulia mpige mkono.

Mkifika Shela muombe dada yako chumba chenye feni na mlango wenye komeo, watoto wabaki nje. Boti yenu ni ya saa ngapi? Ikiwa ni saa nane na sherehe ni saa kumi, una nafasi. Ikiwa mnatoka gatini mnaingia moja kwa moja kwenye shughuli, niandikie leo hii tupange upya, kwa sababu manyoya peke yake yatakuchukua nusu saa nzima.