Hizi imeili za matangazo nani alizianzisha?

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Kila nikifungua imeili nakuta matangazo kibao, mara mkopo, mara dawa, sijaomba hata moja, nikifuta leo kesho yamejaa tena. Juzi mdogo wangu kaletewa imeili kwamba ameshinda green card alipie ada haraka, nusura atume. Hivi nani alianzisha huu mchezo na mbona hauishi?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri dada yangu, na poleni, mshukuru Mungu hakutuma. Mchezo wenyewe wa zamani sana, ulianza tarehe 3 Mei 1978, enzi za Arpanet, mtandao wa wizara ya ulinzi ya Marekani waliokuwa wanautumia watafiti na wanajeshi. Jamaa mmoja wa masoko kwenye kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, alitaka kualika watu wa California waje kuona kompyuta mpya, sasa badala ya kumwandikia mmoja mmoja wakachukua kitabu cha anwani, mwenzake akakaa anachapa moja baada ya nyingine mpaka zikakaribia 400. Programu ikazidiwa! Sehemu ya anwani ilipojaa zilizobaki zikamwagikia ndani ya barua, kwa hiyo ukifungua unaanza kupitia msururu wa anwani za watu usiowajua ndipo ulifikie tangazo, lote herufi kubwa. Watu walikasirika kweli, wasimamizi wa mtandao wakakemea, ila Thuerk mwenyewe anasema kompyuta za mamilioni ya dola ziliuzika.

Ndo maana hauishi dada. Anayetuma hatoi karibu chochote, wewe unayepokea ndo unatoa muda na bando. Ni kama zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", wanarusha kwa maelfu wakijua hatakosekana mmoja ambaye muda huohuo alikuwa anataka kumtumia mwenye nyumba kodi.

Na hiyo ya green card nayo ina ukoo wake. Aprili 1994 wanasheria wa Arizona, mtu na mkewe, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet, wanataka hela wakusaidie kuingia bahati nasibu ya green card, wakati mtu angeweza kujiombea mwenyewe kwa bahasha na stempu tu. Mimi hili linaniuma mpaka leo, kumtoza mtu hela kwa sababu tu ana hamu ya kwenda kutafuta maisha.

Mwambie mdogo wako serikali ya Marekani haimtumii mtu imeili kumwambia ameshinda. Kama kweli aliomba, achukue ile namba yake ya uthibitisho aingie mwenyewe kwenye tovuti ya serikali hiyo aangalie. Hao waliomwandikia asiwajibu hata neno moja, akiwajibu wanajua anwani ina mtu na watazidi.