Sindano ya homoni: kabla hujakunja mkono wa shati

Mwaka mzima nilikuwa mteja wa supu ya pweza. Jioni nikishuka daladala nasimama mezani kwa jamaa, kikombe kimoja, ndimu, pilipili, vipande viwili vya mkia kwenye kijiti. Wenzangu wanataniana, nami nacheka nao, lakini mwenzao nilikuwa naendea tiba. Miaka 43, hamu imekatika, uchovu mpaka nasinzia kwenye gari napitiliza kituo. Nyumbani mke wangu hasemi kitu. Bora angegomba.

Supu ilipogoma nikahamia vumbi la Kongo. Lile lilinipa moyo kwenda mbio na kichwa kuuma usiku kucha. Unga na vidonge vingi vinavyouzwa kwa jina la mitishamba vimewahi kukutwa na sildenafili ndani yake, dawa ya hospitali kabisa ya nguvu za kiume, na anayekunywa hajui amekunywa kiasi gani. Ukiwa unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kukushusha presha ukaondoka moja kwa moja.

Ndipo nikaenda kupima testosteroni, homoni ya kiume. Maabara moja ya mtaani, saa nane mchana, nimetoka kula pilau. Jibu: 270. Yule yule aliyenitoa damu akanitajia na bei ya sindano. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati, kilichoniokoa ni kwamba hela haikutosha.

Daktari niliyemwona baadaye alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, nikaona aibu hata kuanza. Yeye akaiangalia karatasi akauliza, "Baba, damu hii ulitoa saa ngapi?" Homoni hii huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, na chakula pia huishusha. Kipimo cha kuaminika ni cha kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, tumbo tupu, tena mara mbili kwa siku tofauti. Ukiwa na malaria au homa yoyote, subiri upone kwanza. Nilirudia mara mbili: 318 na 331. Madaktari wengi huanza kuita upungufu chini ya 300, nanogramu kwa desilita. Angalia kizio cha kipimo kwenye karatasi yako, kwani maabara nyingine huandika nanomoli na namba inakuwa ndogo kabisa, watu wakashtuka bure.

Swali lake la pili: nakoroma? Nikasema sijui. Mke wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akajibu, "Kama jenereta." La tatu: tunataka mtoto mwingine? Tukatazamana. Tunataka.

Hapo ndipo alipoifunga habari ya sindano. Testosteroni ikiingizwa mwilini kutoka nje, ubongo huona ipo ya kutosha na kuacha kuziamrisha korodani, na mbegu zinaweza kupungua hadi sifuri. Shirika la Afya Duniani liliwahi hata kuijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume. Yule wa maabara hakuniuliza nina watoto wangapi.

Nilichokuwa nacho ni kisukari, sukari ya asubuhi 9.4, na kitambi nilichokiita cha heshima. Mafuta ya tumbo, kisukari na kukatikiwa pumzi usingizini (kukoroma ni dalili yake) vyote huivuta homoni chini.

Sisemi sindano ni mbaya. Rafiki yangu machubwichubwi yalimpata ukubwani yakashukia korodani, na yeye bila sindano hawezi. Lakini kila baada ya miezi kadhaa anapimwa kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu, maana dawa huifanya nzito (ikivuka asilimia 54 dozi husimamishwa), pamoja na kipimo cha tezi dume. Anayekuchoma bila kukupangia vipimo hivyo anafanya biashara tu. Na homoni ikiwa chini kweli, omba wapime pia LH na prolaktini, homoni zinazotoka kwenye tezi ya ubongoni, ili ijulikane tatizo liko korodani au kwenye tezi hiyo.

Mimi nimepewa dawa za sukari, nashuka vituo viwili kabla nitembee, wali wa usiku nimeacha kwa shingo upande. Miezi minane, kilo 11. Kipimo cha mwisho kilisoma 412.

Alhamisi mke wangu aliniambia sijakoroma wiki nzima. Hakuongeza neno, akazima taa.