Jibu: PDF 140 za mwani na marejeo yanayotoka ovyo, nihamie Mendeley?

Ndugu yetu wa Wete, usihame kwanza. Umesema PDF zako zote 140 zimo ndani ya Zotero, programu ya kutunza makala na kupanga marejeo kama ilivyo Mendeley, na orodha bado inatoka vurugu. Ukihamisha kumbukumbu mbovu, yaani maelezo ya kila makala kama mwandishi, mwaka na kichwa, vurugu lile lile utalikuta Mendeley.

Kwetu visiwani ugonjwa mkubwa ni majina. Zotero ina kisanduku cha jina la mwisho na cha majina ya mwanzo, ilhali sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Tuseme mwandishi ni Asha Juma Khamis. Jarida moja limemwandika Khamis, A. J., jengine Khamis, A., la tatu Juma, A. Kwa programu hao ni watu watatu. Dalili yake kwenye mtindo wa marejeo wa APA ni hii: ulitaraji (Khamis, 2016), inatoka (A. J. Khamis, 2016), kwa sababu inadhani kuna akina Khamis wawili na inakusaidia kuwatenganisha. Watu huzifuta herufi hizo kwa mkono, na marejeo yakijisasisha tu zinarudi. Panga maktaba kwa jina la mwandishi, umtafute aliyeandikwa namna mbili, umsawazishe ndani ya Zotero, kisha rudi Word usasishe. Ila hakikisha ni mtu mmoja kweli, maana akina Khamis huku hawahesabiki. Makala iliyochapwa kwa jina la Juma, A. iache vivyo hivyo. Msomaji ataitafuta kwa jina hilo.

Taasisi nazo zina kioja chao. Ukiigawa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwenye visanduku viwili, APA inakutolea "Zanzibar, S. ya M. ya". Pembeni ya jina kuna kitufe kidogo kinachogeuza visanduku viwili kuwa kimoja. Kibonyeze, uandike jina zima.

Ukitumia mtindo wa Chicago, vichwa vya Kiswahili hugeuka "Kilimo Cha Mwani Na Kipato Cha Wanawake", kwa kuwa programu inavichukulia kuwa Kiingereza. Andika sw kwenye kisanduku cha lugha, basi itaviacha. Majina ya kisayansi yazungushie alama, mfano <i>Eucheuma denticulatum</i>, yatoke kwa italiki.

Makala yenye namba ya DOI, yaani kitambulisho chake cha kudumu kinachoanza na 10., usijisumbue kuichapa. Nakili namba, bonyeza alama ya fimbo juu ya dirisha, ibandike. Ripoti za wizara zilizoskaniwa kama picha hazisomeki, kwa hiyo PDF hubaki peke yake bila kumbukumbu, na faili la namna hiyo halinukuliki. Itengenezee kumbukumbu ya aina ya ripoti, ujaze taasisi, mwaka na mahali, halafu uliburute faili chini yake.

Nafasi ya bure ya mafaili kwenye mtandao wa Zotero ni MB 300, na ripoti chache za skani zinaimaliza. Zima usawazishaji (sync) wa mafaili, acha wa kumbukumbu tu. Huo hauli nafasi hiyo. Wala usiliweke folda la data la Zotero ndani ya OneDrive au Dropbox: faili la zotero.sqlite linaweza kuharibika. Funga programu, nakili folda zima kwenye flashi, kila wiki.

Kuhusu kutafuta: ukiandika Pemba peke yake Google Scholar inakuletea na mji wa Pemba wa Msumbiji. Ongeza -Mozambique -"Cabo Delgado", ingawa itaondoka pia makala inayotaja nchi zote mbili. Mwani una majina ya zamani au ya kibiashara na ya kisayansi ya sasa, yatafute yote: "Eucheuma spinosum" OR "Eucheuma denticulatum", halafu "Eucheuma cottonii" OR "Kappaphycus alvarezii". Jarida la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao makao yao yako hapa hapa Zanzibar, linasomeka bure. Anzia hapo kabla ya kulipia kitu.

La mwisho ni msimamizi wa utafiti wako. Akiifungua sura yako kwa Google Docs na kukurudishia, alama zilizofichwa za Zotero huwa zimekwisha, marejeo yamebaki maandishi matupu. Mpelekee nakala, na maoni yake uyahamishie mwenyewe kwenye faili lako la asili.