Spika ziko darini, amplifaya ni ya zamani: muziki wa simu utaingilia wapi?

SWALI: Salamu fundi. Tumehamia nyumba ya zamani Kileleshwa, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe. Kila chumba kina spika mbili darini na kitufe cha kuzungusha ukutani. Nyaya zote zinaishia kwenye kabati la sebuleni. Humo mna amplifaya kubwa yenye redio ndani yake, kisanduku chenye swichi sita za vyumba, na chini kabisa sanduku zito la chuma ambalo hupata joto. Amplifaya haina Bluetooth. Nyuma ina matundu mekundu na meupe yaliyoandikwa PHONO, CD na TAPE. Redio inasikika vizuri, isipokuwa chumba cha mama mkwe, ambako ni kimya. Kijana aliyetuwekea intaneti ametushauri tung'oe kila kitu tununue spika za Bluetooth za kila chumba. Je, hakuna njia ya kupitisha muziki wa simu humo humo?

JIBU: Njia ipo, dada, na msing'oe chochote. Kilicho ghali katika mfumo wenu ni nyaya zilizopitishwa kwenye kuta za mawe kabla ya plasta kupigwa. Kuzipitisha upya leo ni kazi ya patasi, vumbi na rangi, chumba baada ya chumba. Spika za Bluetooth zitadai kuchajiwa kila mara, na zikiwa za makampuni tofauti kwa kawaida hazitakubali kucheza wimbo mmoja kwa pamoja. Amplifaya yenyewe ni kama kinu cha posho, haiulizi mahindi yametoka shamba gani. Iwe kaseti, CD au simu, inachotaka ni sauti iliyo katika umeme mdogo. Mashine ya CD hutoa takriban volti 2, na simu hutoa pungufu ya hapo. Inatosha kabisa.

Kabla ya muziki, tuanze na lile sanduku la chuma, maana hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Soma kibandiko kilicho nyuma ya amplifaya. Nadhani utakuta imeandikwa 120V, yaani ilitengenezwa kwa matumizi ya Marekani na ikaja Nairobi na mpangaji wa zamani. Stima yetu ni volti 240. Sanduku hilo ni transfoma ya kushusha umeme, na joto lake la kiasi ni la kawaida. Asije mtu akaliona ni takataka, akabadilisha plagi na kuchomeka amplifaya moja kwa moja ukutani. Adapta ya kubadilisha umbo la meno ya plagi haibadilishi volti hata moja. Ikiwa na bahati itakata fyuzi, isipokuwa nayo itaunguza mitambo ya ndani. Ikiwa kibandiko kinasema 100V, mashine ni ya Japani na inataka transfoma ya volti 100. Hakikisha pia wati zilizoandikwa kwenye transfoma zinazidi zile za amplifaya, na mkimaliza kusikiliza zimeni swichi ya ukutani, kwa sababu transfoma hula stima hata amplifaya ikiwa imezimwa. Mtaa wenu ukiwa ni wa stima kupotea na kurudi kwa kishindo, wekeni kile kifaa cha kulindia televisheni kati ya soketi na transfoma.

Sasa matundu. Tumia yale ya CD. Usiguse PHONO. Hayo yalitengenezewa sindano ya santuri, ambayo hutoa sehemu chache tu za elfu za volti moja, kwa hiyo amplifaya hukuza sauti hiyo mara nyingi sana na kuongeza besi makusudi. Ukichomeka simu hapo utapata ngurumo na mkwaruzo, na spika zinaweza kuumia. TAPE ina jozi mbili: moja ya kuingiza, kwa kawaida imeandikwa PLAY au IN, na nyingine ya kutoa, REC au OUT. Ya kuingiza inafaa kama CD imeshikwa na kitu kingine. Ya kutoa haitatoa sauti yoyote ya simu yako, na watu wengi wamekata tamaa hapo wakidhani amplifaya imekufa.

Jaribio la kwanza lifanyeni kwa waya, hata kama lengo lenu ni kucheza bila waya. Nendeni Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, mnunue waya wenye kichwa kidogo cha milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Kama simu haina tena tundu la vipokea sauti vya masikioni, mtahitaji adapta, na hapo muwe macho: adapta nyingine za bei ya chini za Type-C ni waya mtupu na hufanya kazi kwa simu chache tu. Muulizeni muuzaji ile yenye chipu ya kugeuza sauti ndani yake, na mjaribu na simu yenu hapo hapo dukani. Nyumbani, teremsha sauti ya amplifaya hadi sifuri, chagua CD, pandisha sauti ya simu karibu na mwisho, kisha ongeza ya amplifaya polepole. Simu ikiwa chini na amplifaya juu, mtasikia mchakacho mwingi kuliko wimbo. Hapa mkipata sauti safi, mfumo wenu ni mzima, na yaliyobaki ni kuchagua njia ya kuondoa waya.

Njia rahisi ni kipokezi cha Bluetooth, kidude kinachochomekwa kwenye matundu yale yale ya CD na kula umeme wa chaja ya simu. Kinafaa kama simu itakaa sebuleni. Vipokezi vya kawaida hufika kama mita 10 mahali pa wazi, lakini nyumba zetu za mawe ya kuchonga hupunguza hilo vibaya, na kabati lenye amplifaya ya chuma hupunguza zaidi. Utaingia jikoni na simu mfukoni, wimbo utaanza kukatika. Ukipigiwa, muziki wa nyumba nzima unanyamaza. Ujumbe wa WhatsApp ukiingia, mlio wake unasikika hadi bafuni.

Kwa familia yenu mimi ningechagua kipokezi cha waifai. Hiki huunganishwa na ruta, na mkitumia programu kama Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, simu inabaki kuwa rimoti tu: wimbo unatoka kwenye intaneti kupitia ruta hadi kwenye kipokezi, haupiti kwenye simu. Unaweza kupokea simu, kwenda langoni, hata kutoka kwenda sokoni, na muziki ukaendelea. Mtu mwingine naye anaushika usukani kwa simu yake. Kuna pia njia za kurusha muziki kupitia waifai: wenye iPhone wana AirPlay, na kwa Android kuna Google Cast, lakini si kila kipokezi kinakubali zote. Andikeni programu mnazotumia kila siku, muulize moja moja kabla ya kulipa. WiiM ni jina mojawapo la vifaa vipya vya aina hii. Kuna pia Chromecast Audio, kile kiduara kidogo ambacho Google ilikitoa 2015 na kuacha kukitengeneza 2019. Kilichotumika bado ni kizuri, ila mjue kwamba Machi 2025 vifaa hivyo viligoma kwa siku kadhaa kwa sababu cheti chao cha usalama cha ndani kilikwisha muda, hadi Google ilipotuma marekebisho. Ndiyo maana ule waya wa Luthuli usiutupe.

Kuhusu intaneti, wimbo wa kiwango cha juu cha kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144 kwa saa. Kwa fiba ya nyumbani hilo si neno. Kwa bando la simu mtaona uchungu.

Mkisikia mvumo mzito usiobadilika, hata wimbo ukiwa umesimamishwa, msikimbilie kulaumu amplifaya. Lisheni kipokezi kwa pawabenki badala ya chaja. Mvumo ukipotea, tatizo ni umeme wa chaja au njia yake ya ardhi kukutana na ya amplifaya, na dawa ni chaja nyingine bora au kitenganishi kidogo chenye transfoma kinachokaa katikati ya waya wa sauti.

Jambo moja ambalo kijana wa intaneti hakuwaambia, na ambalo lingewaunguzia amplifaya, ni hesabu ya vyumba sita. Spika nyingi za nyumbani zina ukinzani wa omu 8. Mkiwasha vyumba viwili pamoja bila kinga, amplifaya inaona omu 4. Vyumba sita ni kama omu 1.3, na amplifaya nyingi za nyumbani hazitaki kushuka chini ya 4. Itapata moto na kujizima, au isijizime kabisa, na hilo ni baya zaidi. Kinga yenu iko katika mojawapo ya sehemu mbili. Inaweza kuwa ndani ya kisanduku cha swichi, mara nyingi ikiwa na kitufe chake kilichoandikwa PROTECTION au IMPEDANCE. Hicho kiachwe kimewashwa. Au iko ndani ya vitufe vya ukutani: ukifungua kimoja utaona vipini vidogo vya kuchagua 1x, 2x, 4x au 8x. Kwa vyumba sita vya omu 8, vikiwa kwenye 4x amplifaya inaona kama omu 5.3. Vyote lazima viwe sawa. Kinga ikiwekwa kote kuwili hakuna kitakachoungua, ila sauti itakuwa hafifu. Kosa la hatari ni fundi kuruka kisanduku na kusokota nyaya zote pamoja nyuma ya amplifaya ili kupata sauti kubwa. Mkatazeni.

Sasa chumba cha mama. Hakikisha kwanza swichi yake kwenye kisanduku imewashwa na kitufe cha ukutani kimefunguliwa. Zima amplifaya, shusha spika moja kutoka darini, chomoa waya wake mmoja, na upime omu kwa multimita, yaani mita ya kupimia umeme, kwenye miguu ya spika. Spika nzima ya omu 8 husoma karibu 6. Mita isiposoma kitu, koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, imekatika. Hamna mita? Gusisha betri ya redio ya volti 1.5 kwa nukta moja tu, na koni ikikwaruza na kusogea, spika ni hai. Ukingo wa sponji unaozunguka koni nao uguse kwa kidole. Ukivunjika kama majivu, umezeeka, na hubadilishwa bila kununua spika mpya. Spika zote mbili zikiwa nzima, mshukiwa ni kitufe cha ukutani. Kifungue utazame ncha za shaba. Mara nyingi huwa zimegeuka kijani. Kata kipande, chuna upya hadi shaba ing'ae, kaza skrubu.

Ila mjue kwamba hata chumba hicho kikifufuka, mfumo huu unacheza kitu kimoja nyumba nzima. Vitufe vya ukutani vinaongeza na kupunguza sauti, havibadilishi wimbo. Kama mama anataka nyimbo zake za injili asubuhi wakati watoto wana yao, ondoeni nyaya za chumba chake kwenye kisanduku mziunganishe na amplifaya ndogo ya peke yake, ya volti 240, yenye Bluetooth ndani. Spika na nyaya zinabaki zile zile, na simu yake ndiyo itakayoitawala. Hiyo amplifaya ikae chumbani kwake, karibu na kitanda, ikiwa waya unaweza kukatwa pale kwenye kitufe cha ukutani. Nitumie picha ya ndani ya kitufe hicho pamoja na kibandiko cha nyuma ya kisanduku, nikuambie ni waya upi wa kukata.