Usisaini mpaka kikoa (jina la tovuti) kiwe kwa jina la kikundi chenu

Usisaini huo mkataba na mtaalamu wa mtandao. Nimesoma uzi wako wote, na nilipofika pale ulipoandika kwamba huyo mtaalamu amewaambia "nyinyi shughulikieni ngoma na wageni, mambo ya mtandao niachieni mimi", moyo ulinienda mbio. Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi Wete, na tumeyalipia mpaka leo.

Kwa wanaopita: mwenzetu ana kikundi cha vijana Micheweni. Wanataka kutumia mtandao kuwaleta wageni Pemba, na kubadilishana utamaduni na kikundi cha Komoro na wanafunzi wa Kiswahili walioko Ujerumani. Ameuliza kamera ya kununua, lugha ya kuandikia, leseni, namna ya kuwapata washirika wa nje, na kama bei aliyotajiwa ni ya haki. Hajauliza hivyo vitu vikishatengenezwa vitakuwa mali ya nani. Yakhe, hilo ndilo swali.

Sisi tulikuwa na ngoma zetu za msewe na kirumbizi. Mgeni anashuka Mkoani kwa boti au uwanja wa ndege Chake, tunampokea, anapelekwa Kidike kuwaona popo, msitu wa Ngezi, magofu ya Ras Mkumbuu, Misali kama anapenda kuzamia, na jioni ngoma. Kabla hajafunga safari tunakuwa tumeshaonana naye kwa video. Wale wanafunzi wa Ujerumani walikuwa wanakaa na wazee wetu kwenye skrini, na wazee ndio waliokuwa wanauliza maswali mengi zaidi: kwenu mnazika vipi, mahari ni nani anatoa, mbona kwenu saa kumi na moja jioni dirishani ni giza? Baadaye wakaja wenyewe, wakalala majumbani mwetu, wakala na watoto wetu. Hicho ndicho kitu tulichokuwa nacho, na kilikuwa kizuri kweli.

Mshauri tuliletewa na mradi uliotufadhili. Alikuwa mtamu wa maneno kuliko halua ya Wete. Kikoa, yaani lile jina la tovuti, akakisajili kwa barua pepe yake binafsi. Kurasa za Facebook na Instagram akazifungua kwa laini yake. Kwenye ramani ya Google akajiweka yeye mmiliki mkuu, sisi tukawa mameneja. Msimbo wa QR tuliochapisha kwenye vipeperushi nao ulikuwa wa ile aina inayopitia akaunti ya kulipia, na akaunti ni yake. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini isiwe kwa jina la kikundi. Msimamizi wa mradi akajibu kwamba ndivyo inavyofanywa kila mahali, tusichelewe, ripoti inasubiriwa. Yule msimamizi simsamehi kwa jibu lile. Alikuwa analipwa ili atulinde.

Mradi ukaisha. Mshauri akaja na madai ya pesa ambazo hazikuwemo kwenye makubaliano yoyote. Tulipokataa akanyamaza, simu hapokei. Kikoa kikafika mwisho wa muda wake, na taarifa zote za kulipia zikawa zinakwenda kwake.

Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu watu wengi hawalijui. Kikoa cha .com hakipotei siku kinapoisha muda. Msajili, yaani kampuni iliyokuuzia kikoa, kwa kawaida anakuachia muda wa kukilipia, kisha kuna siku 30 za kukikomboa kwa bei kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, ndipo kinaachiwa kwa yeyote anayekitaka duniani. Nafasi ipo ya kutosha kabisa, lakini ni ya mtu anayepata taarifa. Sisi tulikuja kujua kimeshachukuliwa na watu wa kamari. Vipeperushi vyetu vilikuwa hotelini na bandarini, mgeni anaelekeza simu kwenye msimbo akitarajia msewe, anafunguliwa ukurasa wa kubeti. Mwalimu mmoja wa madrasa alitupigia akiuliza kwa nini kikundi kinachofundisha watoto wake ngoma za wazee kinatangaza kamari. Ungemwambia nini?

Na tovuti siyo iliyouma zaidi. Barua pepe zetu za kikundi zilikuwa zimejengwa juu ya kikoa kile kile. Anayemiliki kikoa ndiye anayeamua barua ziende wapi. Kwa hiyo wageni walikuwa wanaandika kuulizia tarehe, na barua haziji kwetu. Halafu ukumbuke, ukisahau neno la siri la akaunti yoyote, kiungo cha kubadilisha kinatumwa kwenye barua pepe. Barua pepe yenyewe haiko tena mikononi mwako. Tukajaribu kurudisha ukurasa mmoja, kiungo kikaenda kusikojulikana. Tukajaribu mwingine, vivyo hivyo. Kitu kimoja kimeondoka, vyote vilivyofungwa kwacho vikafuata. Wale wa Ujerumani walidhani tumewapuuza. Tulikuja kuwapata kwa kupitia mtu anayemjua mtu, na wakati huo walikuwa wameshapanga safari nyingine.

Sasa rekodi. Tulikuwa tumemrekodi mzee wetu akiimba nyimbo za msewe, nyingine hakuna kijana anayezijua mpaka mwisho. Video halisi, zile kubwa zisizokatwa, zilibaki kwenye diski ya mshauri. Kwenye chaneli yetu ya video kulikuwa na vipande vifupi tu, na chaneli nayo ilikwenda. Mzee ameshafariki, Mungu amrehemu. Sauti ya Siti binti Saad iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 bado tunaisikiliza kwa sababu santuri ziliuzwa, zikasambaa, zikabaki mikononi mwa watu. Ya mzee wetu ilirekodiwa kwa kifaa bora mara mia, na wajukuu zake hawana hata dakika kumi. Hilo hata tovuti mpya haitalirudisha. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali huu.

Kwa hiyo fanyeni hivi, kabla ya shilingi moja kutoka. Fungueni barua pepe ya kikundi kwenye huduma ya bure ya kawaida, isiyotegemea kikoa chenu, na iwe na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kiongozi mliyemchagua, laini inayokaa kwenye simu ya kikundi. Watu wawili wajue neno la siri. Kwa barua pepe hiyo ndipo mnunue kikoa, wenyewe, mtaalamu akiwa pembeni kama anataka kusaidia. Kikiwa cha .tz, angalieni kwa huduma ya whois, lile daftari la mtandaoni la wenye vikoa, jina la mmiliki linasomekaje. Kikiwa cha .com msitegemee whois, tangu 2018 majina mengi yanafichwa. Ingieni kwenye akaunti ya msajili mkaone kwa macho yenu. Lipieni miaka kadhaa kwa mpigo. Kurasa zote zifunguliwe na kikundi, mtaalamu aongezwe kama mhariri. Kwenye ramani ya Google nyinyi muwe wamiliki wakuu. Kama yeye ameshajiweka, awaongeze leo hii, kwa sababu mmiliki mpya anasubiri siku 7 kabla ya kuweza kukabidhiwa umiliki mkuu. Msimbo wa QR uwe na anwani ya tovuti yenu moja kwa moja, usipitie kwa mtu.

Rekodi: kila siku ya kurekodi inapoisha, nakala kamili inabaki kijijini kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Na mkataba useme kwa maandishi kwamba haki ni ya anayeimba na kikundi, mpiga picha amelipwa kwa kazi yake. Nendeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mkaulize namna ya kusajili. Msione haya.

Atakwambia kuwa bila yeye hakuna mtu Pemba anayeweza kazi hii. Si kweli. Kazi ya kupiga picha za anga kwa droni kwa ajili ya ramani ilianza 2016, Unguja na Pemba, na vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walishiriki. Waulizeni chuoni. Na kama anazungumzia kurusha droni juu ya kijiji chenu, mwambieni aoneshe vibali kwanza.

Kamera: simu nzuri na kinasa sauti kidogo cha kubana shingoni vinatosha kuanzia. Upepo wa pwani ya Vumawimbi utawaharibia sauti kabla ya picha. Leseni ni Kamisheni ya Utalii, nendeni wenyewe, msimtume mtu.

Bei aliyowatajia sijui niseme nini juu yake mpaka nijue anauza kazi au anauza umiliki. Uweke mkataba hapa, ufiche majina na namba za simu, hasa kile kifungu cha tatu ulichosema "kinahusu akaunti". Nitausoma usiku huu, na humu kuna wengine wanaojua sheria kuliko mimi. Huyo bwana akikupigia kabla ya hapo, mwambie kikundi bado kinakaa kikao.