Hukumu ya Bara na madai yako ya Nungwi

Dada, unauliza kama hukumu ya Mahakama Kuu ya Tanzania Bara, kuhusu mfanyakazi aliyeachishwa kwa sababu ya ujauzito, itakusaidia dhidi ya hoteli ya Nungwi iliyokukatia mkataba ukiwa mjamzito. Itasaidia, lakini haitamfunga jaji wa huku Zanzibar.

Sheria ya ajira ya Bara ya 2004 haifiki Zanzibar; sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, nayo inakataza ubaguzi. Kwa hiyo usiende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Bara. Anzia kitengo cha migogoro ya kazi hapa Unguja, na mapema, maana dai lililochelewa huweza kutupwa kabla halijasikilizwa. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ndiyo yenye nguvu, kwani inapokea rufaa za pande zote mbili. Hata hivyo soma kwanza ilitafsiri sheria ipi.

Madai mengi huanguka kwa kukosa ushahidi. "Walinichukia" haitoshi. Onesha tarehe uliyowaarifu ujauzito, tarehe ya barua ya kukukatia mkataba, na mwenzako wa kazi ileile aliyeongezewa mkataba. Ujumbe wa meneja kwenye simu usiufute. Na barua ya "nimeacha kwa hiari" usiisaini, hata wakikushikilia mshahara.