Swali la voliboli: Tukifungwa 3-2 mechi ya mwisho ya kundi, si tutapita kwa ile pointi moja?

Wacha kabisa! Dada, usithubutu kupumzisha kikosi cha kwanza seti ya tano eti pointi moja inatosha. Kuna watu tulitua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mapema kuliko ilivyopangwa kwa hesabu hiyo hiyo, na mabegi hata hayakuwa yamechafuka.

Mpangilio wa FIVB, shirikisho la voliboli duniani, huangalia kwanza mechi ulizoshinda. Pointi ni baadaye. Ndiyo, 3-0 au 3-1 ni pointi 3; ukishinda 3-2 unapata 2 na mpinzani 1. Sasa tazama: timu imeshinda moja 3-1 na kupoteza mbili 2-3, ina pointi 5. Nyingine imeshinda mbili 3-2, ikachapwa moja 0-3, ina 4. Ya pointi 4 iko juu, kwa sababu ina ushindi mara mbili. Ya 5 inatafuta ndege.

"Mtaalamu" aliyetuchorea jedwali WhatsApp alikuwa mtu wa soka. Soka! Ndiye pia aliyetoa seti za kufungwa kwenye za kushinda, kama mabao ya Gor na Leopards. Voliboli hugawanya. A ameshinda 3-0 mara mbili, akafungwa 0-3: seti 6 kwa 3, uwiano 2.00. B ndiye aliyemchapa A hiyo 3-0, akashinda nyingine 3-2, akapoteza 2-3: seti 8 kwa 5, uwiano 1.60. Wote wana ushindi 2 na pointi 6; ukitoa, wote wana +3. Lakini A ndiye wa mbele, na B aliyemtandika anabaki kukodoa macho. Nani alimfunga nani huulizwa mwisho kabisa, baada ya uwiano wa seti na wa alama za ndani ya seti kulingana.

Kwa hivyo hiyo seti ya tano ichezeni kufa na kupona. Inaishia 15, hakuna muda wa kujikusanya. Mshambuliaji mkali aanze nafasi ya 4 (mbele kushoto), apate mizunguko mitatu mbele ya neti. Kagua karatasi ya nafasi za wachezaji kabla haijamfikia mwamuzi. Baada ya hapo kila marekebisho yanakula badiliko la mchezaji, na una 6 tu kwa seti.

Uliuliza jezi pia, sijui na basi? Libero, yule mchezaji maalum wa ulinzi, avae rangi tofauti na wenzake. Basi mtajuana na dereva. Nitumie matokeo ya mechi mbili za kwanza, seti kwa seti pamoja na alama, nikupigie hesabu kabla hamjalala.